Sura ya Tano: Kuni, Maji na Sahani ya Nyanda za Juu Kusini

Mkoa wa Iringa hulisha watu wengi walio mbali nao. Kila siku malori ya mahindi, viazi mviringo na nyanya za Ilula hushuka Mlima Kitonga kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Mkoa huohuo ndio ulioongoza nchi nzima kwa udumavu katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, kisha Rukwa kwa asilimia 49.8. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa ambayo tangu shuleni tumefundishwa kuiita ghala la taifa ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao.

Mtoto hadumai kwa wiki moja ya njaa. Hudumaa kwa kukosa chakula cha kutosha na cha mchanganyiko kwa muda mrefu, na kwa kuugua mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi anapofikisha miaka 2. Kinachopotea hapo hakiishii kwenye urefu. Ubongo nao hukua katika siku hizohizo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wazazi hawana elimu ya lishe. Yana ukweli, ila yananiudhi yanapoishia hapo, kwa sababu yanamwacha mama wa Kilolo au Mufindi aonekane mzembe. Hebu tufuate siku yake. Anaamka alfajiri, anakoroga uji, anakwenda shambani, anarudi na mzigo wa kuni kichwani, anateka maji, anapika jioni. Mtoto wa mwaka 1 ana tumbo dogo. Anatakiwa ale mara 3 au 4 kwa siku, pamoja na kunyonya. Kila mlo unadai moto, na moto unadai kuni ambazo kila mwaka zinafuatwa mbali zaidi, au mkaa ambao kila mwaka unapanda bei. Basi uji unapikwa mara moja, wa sembe tupu, na kwenye chungu cha jioni kinachopunguzwa kwanza ni kile kinachokula moto mwingi. Maharage yanaondoka, ugali na chainizi vinabaki. Uhaba wa kuni umeshaingia tumboni mwa mtoto, na hakuna aliyeuona ukiingia.

Ndiyo maana katika sura hii nakataa kutenganisha afya na mazingira. Kwa mtu wa Mbeya au Iringa mambo haya yanakutana kwenye mafiga, na hapo ndipo pa kuanzia.

Pita Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, upande wa nafaka. Maharage yamejazwa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo: kablanketi yenye zambarau iliyofifia, mekundu, meupe, na ya njano. Ukisitasita, muuzaji atakuita, "Chukua njano, mama, hii haimalizi mkaa." Anasema kweli. Maharage ya njano yanajulikana kwa kuiva upesi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, pembeni mwa jiji, kilichozalisha aina nyingi za maharage yanayolimwa ukanda huu, kina aina yake iitwayo Uyole Njano. Muuzaji huyu mwenye sado ya kupimia mkononi anafanya kazi ya afisa lishe na afisa misitu kwa sentensi moja.

Aina yoyote utakayonunua, iloweke usiku kucha. Bibi zetu walifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Sisi tumeacha kwa sababu ya haraka. Maharage yaliyolowekwa saa 8 hadi 12 hupunguza sana muda wa kukaa jikoni, mara nyingi karibu nusu. Asubuhi mwaga maji yale, na pamoja nayo unamwaga sehemu ya vitu vinavyoleta gesi tumboni na vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma. Bandika kwa maji mapya, funika, yachemke kwa nguvu kwa nusu saa. Usiruke hatua hii: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali. Kisha epua sufuria ikiwa bado imefunikwa, itie kwenye kapu kubwa lililojazwa nyasi kavu au blanketi kuukuu, lifunike kwa mto, uende zako shambani. Joto lililomo litaendelea kuivisha. Ukirudi yatahitaji kuchemshwa tena kidogo na kuungwa tu. Makande yanapikwa vivyo hivyo, na akiba ya moto ni kubwa zaidi kwa sababu mahindi ni magumu.

Moto unaobaki, tuutazame vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi wenye nimonia. Moshi huo ni chembe ndogo zinazopita puani hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na wanaouvuta zaidi ni mama na yule aliyebebwa mgongoni.

Nyanda za juu zina hatari nyingine ambayo watu wa Pwani hawaijui. Juni na Julai baridi ya Mbeya, Makete na Mufindi inauma, na familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha na kulala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikana na chembe nyekundu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nazo, na mtu husinzia badala ya kushtuka. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi haukatiki. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa sababu hii, na misibani huwa yanasemwa mambo ya uchawi au chakula. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba na mtu yeyote, hata likiwa linaelekea kuzimika, kwa maana makaa yanayofifia bado hutoa gesi hiyo. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

Mkaa wenyewe una hesabu inayotisha. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Gunia linaloshushwa Mafiati jijini Mbeya au Mlandege mjini Iringa ni miti mingi kuliko linavyoonekana, na mingi inatoka kwenye miombo ya Chunya na ya nyanda za chini za Iringa. Misitu ile ni duka la chakula. Mvua zikianza, kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia utaona wanawake na watoto wakiuza uyoga kwenye mabeseni, na kwa msimu wake makusu, matunda matamu ya porini yenye nyama ya njano. Uyoga mwingi wa miombo haupandwi popote pengine: nyuzi zake huishi zimeshikana na mizizi ya miti ileile inayokatwa kwa mkaa, mti ukiupa uyoga sukari, uyoga ukiupa mti maji na madini. Ukikata miombo ukapanda mahindi, uyoga ule hautoki tena. Familia iliyokuwa ikipata kitoweo cha bure kwa miezi kadhaa imebaki na mfuko wa mkaa uliokwisha siku nyingi.

Serikali imeliona hili. Mei 2024 ilizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilo. Mitungi ya gesi imeuzwa kwa ruzuku vijijini. Naunga mkono kwa moyo wote, ila mtungi wa kwanza si tatizo kubwa. Tatizo ni kujaza mara ya pili. Mkaa unanunuliwa kwa sado au kwa kopo, kwa hela ya leo. Gesi inataka fedha ya mkupuo, na mtu anayelipwa kibarua kwa siku hana mkupuo. Mitungi mingi imekaa pembeni mwa kabati na kitambaa juu yake kwa sababu hiyo. Hadi siku gesi itakapouzwa kwa vipimo vidogo kila mtaa, nashauri kuchanganya bila kuona haya: gesi kwa chai, uji wa mtoto na mboga za haraka, ili mtoto apate mlo wake wa saa 4 na wa saa 10 bila mama kuwasha mafiga, na kwa maharage na makande, umeme.

Ndiyo, umeme. Watu wengi wanaamini kupika kwa umeme ni anasa. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa muda usiozidi saa 1 na kwa kawaida haimalizi hata uniti 1. Uniti 1 kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ilikuwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Linganisha na mkaa unaohitajika kwa maharage yaleyale. Kinachozuia ni bei ya sufuria yenyewe, na hapo vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vina kazi ya maana ya kufanya: kununuliana sufuria kwa zamu, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, kama tunavyonunuliana vyombo na vitenge.

Kwa anayeendelea na kuni na mkaa, na ni wengi, kuna tabia moja ya kukomesha leo: kuwasha jiko kwa mfuko wa nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vyembamba bado vimejaa, na jioni mitaani utavisikia vikidondosha matone ya moto juu ya mkaa. Moshi ule ni sumu, nao unapanda moja kwa moja kwa aliyeinama kupuliza. Tuna magunzi. Kila nyumba inayopukuchua mahindi ina rundo la magunzi makavu, na gunzi moja lililovunjwavunjwa linawasha jiko vizuri kuliko nailoni. Mafinga, penye viwanda vya mbao za Sao Hill, watu hupikia maranda: unachukua ndoo ya bati yenye tundu chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unashindilia maranda kuizunguka hadi yakaze, kisha unachomoa chupa taratibu na kuacha bomba la hewa. Jiko hilo huwaka kwa saa kadhaa kwa takataka ya mashine. Lina moshi, kwa hiyo libaki nje.

Kuhusu mifuko ya kubebea, Iringa haikuhitaji kufundishwa na mtu. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe sasa vinauzwa hadi ng'ambo kama mapambo ya ukutani, na nafurahi kwamba wanalipwa. Lakini vilisukwa vibebe mahindi, viazi na mboga. Kikapu kimoja kizuri kinahudumu kwa miaka, mboga hazivundi ndani yake kwa sababu kinapitisha hewa, na kikichoka kinaoza shambani kikawa mbolea. Milulu nayo huota mabondeni penye unyevu. Bonde likikauka, msusi hana milulu yake, na hapo tunafika kwenye maji.

Wahehe na Wabena wana kilimo cha vinyungu. Mvua zikikoma, wakati mashamba ya mlimani yamekauka, watu hushuka mabondeni, huinua matuta kwenye ardhi yenye unyevu na kuchimba mifereji katikati yake. Hapo hupandwa mboga za majani, njegere, maharage na mahindi ya kuchoma. Kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua za Novemba au Desemba, kinyungu ndicho kinachoweka kitu cha kijani kwenye sahani. Kwa lishe ya mtoto ni hazina.

Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au chanzo cha maji. Ukiitekeleza kwa ukali, vinyungu vingi vinafutwa. Usipoitekeleza, tazama Ruaha Mkuu. Mto huu unakusanya maji ya Usangu, yanayoshuka kutoka safu za Uporoto na Kipengere na, kupitia Mto Ndembera, kutoka upande wa Mufindi. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakisongamana kwenye madimbwi ya tope. Sababu kubwa ni maji yanayochotwa Usangu kwa mashamba ya mpunga, na si haki kumbebesha mzigo huo mama mwenye matuta 6 ya mchicha. Hata hivyo chemchemi za juu zikikaushwa, hakuna kitakachofika chini cha kugombaniwa.

Maji hayohayo ya Ruaha huingia bwawa la Mtera, huzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha hujiunga na Rufiji hadi Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ile sufuria ya presha inayookoa miombo inapata nguvu zake, kwa sehemu, kutoka kwenye bonde alikolima bibi yako. Anayekausha chemchemi ya Mufindi anapunguza moto wa jiko la umeme la Mbeya.

Kwa hiyo kinyungu kibaki, kwa masharti. Jicho la chemchemi na kingo zake ziachwe kabisa, zirudishiwe mivengi na miti mingine inayoelewana na maji. Mikaratusi iondolewe mabondeni. Ni mti wa fedha na una mahali pake mlimani, ila bondeni unanyonya mchana na usiku. Mifereji isichimbwe kwa kina cha kukausha bonde lote. Na sumu isipulizwe kandokando ya maji. Mkulima wa nyanya wa Ilula na wa viazi wa Isyonje, mkoani Mbeya, anapambana na ukungu kweli kweli, simlaumu kwa kupuliza. Namwomba asome kwenye kopo siku zinazotakiwa kupita kati ya kupuliza na kuvuna, azingatie, na makopo matupu yasigeuzwe ya kuchotea maji.

Sehemu ya mboga ihamie nyumbani. Gunia moja tupu la mahindi linatosha. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati yake, lijaze mawe madogo, jaza udongo uliochanganywa na samadi kulizunguka, pandisha kopo na kuongeza mawe hadi gunia lijae. Mawe yale yanakuwa njia ya maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, panda figili, mchicha na majani ya maboga juu na pembeni. Maji uliyooshea mboga na mchele yanatosha kulimwagilia, na maganda ya viazi na ndizi yanakuwa mbolea yake. Gunia kama hilo likikaa mlangoni Kihesa mjini Iringa au Uyole jijini Mbeya, mama anachuma mboga uji ukiwa unachemka.

Uji wenyewe uwe wa dona, au wa sembe iliyochanganywa na kitu. Karanga zilizotwangwa, yai, maziwa, parachichi la kienyeji lililopondwa. Rungwe parachichi zisizo za kusafirishwa nje zinaliwa na nguruwe, na jirani yake mtoto analia kwa uji mweupe. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaotoka Kyela, wamekaushwa kwa jua, hawahitaji friji wala mkaa mwingi. Kijiko kimoja cha usipa waliosagwa kwenye uji wa mtoto kina thamani kubwa kuliko pakiti yoyote yenye picha ya mtoto mnene.

Kwa watu wazima wa mjini sitasema mengi. Presha na kisukari vinatuandama, na bado tunapanda bodaboda kutoka Kabwe kwenda Mwanjelwa. Miji yetu ina vilima, na vilima ni dawa. Tembea, na uache soda mbili kwa wiki. Mapafu ya jirani anayevuta moshi wa bodaboda na moyo wako vyote vitapumua.

Namalizia na akina baba, kwa sababu katika nyumba nyingi za ukanda huu anayevuta moshi ni mama na anayeamua fedha ya mauzo ya mahindi iende wapi ni baba. Msimu huu ukiuza mahindi yako, kabla hujalipia bati la pili au simu mpya, nunua sufuria ya presha kama una umeme, au mtungi wa gesi na akiba ya kuujaza mara 3. Acha gunia la maharage ndani, usiuze yote. Acha mayai yaliwe na mtoto aliyeachishwa ziwa. Mtoto wako anayetimiza miaka 2 mwakani hana msimu mwingine wa kusubiri.